Kurasa Zilizoshikana

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nilisimama kwenye uwanja wa shule, kijiji kizima kimekaa nyasini mbele yangu, mkononi nimeshika kijitabu chenye jalada la kijani, na mzee asiyejua kusoma hata jina lake akaniuliza swali moja dogo kuhusu kijitabu hicho. Nikakosa jibu. Mimi, mwenye stashahada.

Juzi kijitabu hicho kimetoka tena sandukuni. Binti mmoja wa hapa Karatu, mwalimu, anagombea udiwani. Alisikia kwamba bado ninayo maandishi ya siasa ya miaka ya Ujamaa, akaja kuyaomba, maana anataka kuwaonyesha wapiga kura kwamba habari ya madaraka ya wananchi haikuanza jana. Nilimpenda kwa hilo. Vijana wengi wakisikia habari za miaka ile huona ama mbingu ama jehanamu, wakaishia hapo. Yeye alitaka kujua. Akakaa sebuleni kwangu (nyumba ya kwanza ya matofali ya kuchoma katika kitongoji hiki, nimeijenga mwenyewe), akatoa simu, akaanza kupiga picha. Nikamtazama. Alipiga picha kurasa zenye mistari ya wino mwekundu tu. Zile nyingine alizipita kama mtu anayepita kando ya shamba la jirani.

Nikacheka. Akaniuliza, "Babu, unanicheka mimi?" Nikamwambia namcheka mwenye wino, na mwenye wino ni mimi. Nilipokuwa na umri wake nami nilisoma palepale anapopiga picha. Basi nikamsimulia, na wewe nakusimulia sasa, kwa sababu aliyejikwaa ndiye anayejua jiwe lilipo.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Nilizaliwa kwenye mteremko ulio chini ya msitu wa Ngorongoro, upande wa kwenda Oldeani, kwenye ukungu mzito, ambako asubuhi mtu humkamua ng'ombe bila kumwona kichwa. Baba alikufa mapema. Nilichuma kahawa kwenye mashamba ya walowezi, nikasoma kwa njia ya posta, nikafanya mitihani na kushinda, nikapelekwa kusoma katika nchi moja ya baridi huko Ulaya ya mashariki. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilirudi na stashahada ya uongozi wa vijiji, koti refu la sufu, na miwani ambayo, nikiri tu, sikuihitaji sana. Mtu wa kwanza wa mteremko ule kupanda ndege ni mimi, na sioni kwa nini nilifiche jambo hilo. Wazee husema mtoto akililia wembe mpe. Mimi niliulilia, nikapewa, na ulikuwa mkali.

Wakati ule watu walikuwa wanahamishwa kutoka kwenye nyumba zao zilizotawanyika vilimani na kuwekwa pamoja katika vijiji, ili shule, maji na zahanati viwe karibu. Nikafanywa katibu wa kijiji. Niliamini kazi ile, mwanangu, na sehemu yake naiamini hata leo. Wajukuu wa watu wale wamesoma, wengine wanatibu watu. Kisha kikaletwa kile kijitabu, kurasa kama sitini, kimeandikwa kwa Kiswahili chenye moto. Kilieleza maana ya kujitawala, kwa nini wanyonge waungane, kwa nini ubinafsi ni adui wa kijiji. Nilikipenda kama barua ya mchumba. Kurasa nilizozipenda nilizipigia mistari, na baada ya mwezi nilizisema bila kutazama.

Kazi ikawa nyepesi. Niliitisha mkutano, nikasoma kurasa zangu kwa sauti, halafu nikauliza: anayekubali anyooshe mkono. Mikono ikapanda kama mahindi ya Machi. Anayekataa? Kimya. Nami nikaandika kwenye daftari: kwa kauli moja. Sikujua bado kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wa kwanza kupitishwa katika mikono hiyo alikuwa Bura, mtu wa makamo aliyeishi na mama yake mzee, mbali na mstari wa nyumba mpya. Alisema hahami. Mikono ikapanda, na kesho yake vijana wakaivunja tembe yake. Sijui kama umewahi kuiona tembe, nyumba yetu ya zamani iliyochimbiwa nusu ndani ya mteremko, paa lake tambarare la udongo, kiasi kwamba ukishuka kutoka juu unaweza kutembea juu ya nyumba ya mtu usijue. Nyumba ya namna hiyo haibebeki. Ukiivunja unabaki na shimo. Bura hakuja kijijini kwetu. Aliwachukua ng'ombe wake na mama yake, akateremka Baray, kule kwenye joto kuelekea Ziwa Eyasi. Na mimi katika taarifa niliandika kwamba amehama kwa hiari yake.

Baada ya majuma matatu ikafika zamu ya Mama Martina. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na tembe yake ilikuwa ukingoni kabisa mwa msitu. Kila nilipotuma mtu kumwambia ahame, alijibiwa, "Nimesikia," na kesho yake anakutwa palepale, amesimama kwenye mahindi yake na rundo la mawe ya kuwatupia nyani. Nikaona ananifanyia mzaha. Nikaitisha mkutano. Nikasoma kurasa zangu, na nilizisoma vizuri, kwa maana sauti nilikuwa nayo. Mikono ikapanda. Hata kaka yake wa tumbo moja, Tluway, alinyoosha. Mama Martina alikaa mbele, mikono yake miwili ndani ya blanketi. Nikauliza nani anakataa. Hakuna aliyesema neno, naye hakusema. Nikaandika kauli moja yangu, nikafunga daftari.

Hapo lazima nikueleze desturi. Kwetu Wairaqw mkutano haufungwi kwa kugonga meza. Hufungwa kwa slufay, maombi marefu ya baraka ambayo mzee mmoja huyasema, na kila anapovuta pumzi watu wote huitikia pamoja, sauti ya chini, kama nyuki ndani ya mzinga. Bila hiyo watu hawapendi kuinuka. Wakiinuka, huhisi wamebeba kitu kibovu kwenda nacho nyumbani. Mimi desturi ile niliiona pambo. Katika ajenda zangu niliiweka mwisho kabisa, chini ya mengineyo.

Mwenye kusema slufay kwetu alikuwa Mzee Akonaay. Nikamwambia, "Mzee, tufungie mkutano."

Hakuinuka. Alikaa na fimbo yake katikati ya magoti. Akasema taratibu, "Siwezi. Yupo mtu hataitikia."

"Watu wote wamenyoosha mikono, mzee. Nimehesabu."

"Wewe umehesabu mikono. Mimi nasikiliza midomo." Akanyoosha kiganja. "Hebu nipe hicho kitabu chako."

Watu wakaanza kuchangamka. Damiano, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuacha mzaha upite bila kuupanda, akasema, "Mpe, katibu. Usipomsomea mzee, kitabu kitamsoma chenyewe."

Nikampa. Akakigeuza, akakinusa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa juu kama mtu anayepima makali ya panga. Kidole kikasimama katikati.

"Katibu, umekisoma chote?"

"Chote, mzee. Zaidi ya mara tatu."

"Na hizi zilizoshikana umezisomaje?"

Mwanangu, nilikwisha kukwambia kwamba sikuwa na jibu. Kitabu kikichapwa, karatasi kubwa hukunjwa, hushonwa, kisha kingo hukatwa ili kurasa ziachane. Kijitabu chetu kilichapwa kwa haraka, na katika nakala yangu kurasa sita za katikati hazikukatwa. Zilikuwa zimeshikana kwa juu, zimefumba kama mdomo wa mfuko. Nilizipita kila siku. Mpaka leo najiuliza: mtu mwenye macho mawili na miwani juu yake anapitaje mlango uliofungwa kila siku bila kutaka kujua ndani kuna nini? Jibu ninalolipata ni moja. Nilikuwa nimeshapata nilichokitafuta.

Nawe utajiuliza mzee asiyejua kusoma alijuaje. Nami niliuliza. Ujana wake Akonaay alikuwa mtumishi katika nyumba ya mlowezi mmoja wa kahawa kule Oldeani. Bwana yule aliletewa vitabu kutoka kwao vikiwa hivyohivyo, kurasa zimeshikana, na kazi ya Akonaay ilikuwa kuzikata kwa kisu cha mfupa, moja moja, asichane. Kisha siku moja bwana akamwambia asihangaike tena, avipange tu kabatini wageni waone.

Akonaay alilisema hilo mbele ya watu wote, bila kupaza sauti. "Yule bwana alikuwa na kabati zima la vitabu vilivyofumba. Na kila alipotuamuru jambo alisema limeandikwa."

Damiano akasema, "Kumbe diploma yenyewe imesomwa nusu," na uwanja mzima ukaangua kicheko. Masikio yangu yaliwaka. Nilitamani ukungu ushuke unifunike. Lakini Akonaay hakucheka, na hilo ndilo lililoniokoa. Alitoa kisu kidogo ndani ya blanketi lake, akazikata zile kurasa pole pole, akapuliza vumbi la karatasi, akanirudishia kijitabu kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu kibuyu kilichojaa.

"Sasa soma. Na useme kwa lugha yetu, bibi zako wasikie."

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza ulihusu choo cha shimo. Sikudanganyi. Urefu wake, upana wake, umbali wake kutoka kwenye kisima. Damiano akauliza kama hicho nacho kitapigiwa kura. Ukurasa uliofuata ulihusu kuku. Nikaanza kupata nafuu, nikidhani aibu yangu itaishia kwa kuku. Nikafungua mwingine.

Hapo mwandishi alikuwa amebadilisha sauti. Alisema kijiji ni cha wanaokaa humo. Alisema kiongozi anayeamuru kabla ya kuuliza amevaa viatu vya bwana aliyeondoka, hata kama ngozi yake ni kama ya watu anaowaamuru. Alisema asihamishwe mtu kabla ya makazi yake mapya kuwa tayari, wala wakati chakula chake bado kiko shambani. Na chini yake tena alisema kwamba jambo likishajadiliwa na wote na kuamuliwa, aliyeshindwa alifuate, asijitenge na wenzake. Nilivisoma vyote, na kila mstari sauti yangu ilipungua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvisoma, na kila mtu aliyekuwa pale alijua.

Akonaay akatikisa kichwa. "Kumbe nacho kina pande mbili. Nilidhani ni cha upande mmoja." Kisha akamgeukia mjane. "Binti yangu, mikono imesema. Na wewe?"

Mama Martina akasimama, akatoa mikono ndani ya blanketi. "Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake," akasema. "Mmenyoosha mikono juu ya nyumba yangu. Nani kati yenu amelala pale? Nikishuka leo, kesho nani atashinda na nyani? Jioni nani atafukuza nguruwe? Wanangu watakula mikono yenu?"

Nikamuuliza, na sikuuliza kwa hasira, niliuliza kwa kutaka kujua kweli, "Mama, mbona hukusema haya tangu mwanzo?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa shati kinyume. "Hukuniuliza. Uliuliza nani anakataa. Mimi sikatai. Nimefungwa na mahindi yangu."

Ndipo kaka yake Tluway akasema, akiangalia chini, kwamba alinyoosha mkono kwa sababu aliona ya Bura. Mwingine akasema naye hivyohivyo. Bibi mmoja akasema alinyoosha kwa kuwa jua lilikuwa kali na alitaka mkutano uishe. Wakasema mmoja mmoja, mwanangu, na mimi nikawa natazama daftari langu na ile kauli moja, nikaona ndani yake kuna kauli kama arobaini, na hakuna hata moja niliyoiandika.

Mkutano haukuisha siku hiyo. Tulirudi kesho yake. Waliokuwepo walibishana sana. Wengine walisema mjane akiachwa kila mtu atadai kuachwa, na hawakuwa wajinga kusema hivyo. Mwisho ilikubaliwa Mama Martina abaki mpaka avune, kijiji kimjengee nyumba kabla hajashuka, na vijana walewale waliovunja tembe ya Bura wapokezane zamu kulinda mahindi yake pamoja naye. Baada ya mavuno alihama. Hakuhama kwa furaha, na kwa muda mrefu salamu yake kwangu ilikuwa fupi. Lakini alihama akijua kwa nini, na sisi tulijua tumemwomba nini. Siku ya pili hiyo sikuhesabu mikono. Akonaay aliinuka, akasema slufay yake ndefu, na nilipomwangalia Mama Martina nikaona midomo yake inaitikia.

Watu walipotawanyika mzee akaniita pembeni. Nilitegemea maneno makali. Alisema tu, "Baraka nimeitoa kwa kijiji. Ya kwako haikufika hapa. Imekwama Baray."

Nilikaa nalo neno hilo siku nne, nikijipa sababu: nina kazi, nina taarifa, mimi ni katibu. Siku ya tano nikashuka. Nilipata lori sehemu ya njia, iliyobaki nikatembea, koti langu la sufu begani kwa sababu kule halivaliki. Nilimkuta Bura anajenga zizi la miiba. Alikuwa amekonda. Nilimuuliza mama yake yu wapi, akanyoosha kidole kwenye kaburi la mawe lililo mbali kidogo na zizi. Yule mama aliishi miaka yake yote kwenye baridi ya mlimani. Bonde hakuliweza hata mwezi mmoja.

Bura akaangalia mfuko wangu. "Umekuja na kile kitabu?"

"Ninacho."

"Nisomee. Siku ile hukunisomea mimi, uliwasomea watu."

Tukakaa kwenye kivuli chembamba cha mgunga. Nikamsomea zile kurasa, zile za makazi mapya na chakula shambani, na kiongozi mwenye viatu vya bwana. Alisikiliza akichokonoa udongo kwa kijiti. Nilipomaliza akakitupa kijiti.

"Kwa hiyo haya yalikuwemo."

"Yalikuwemo."

"Siku ile ulipokishika mkononi."

"Siku ile."

Akainuka, akaniletea maji ya kunywa, kwa sababu nilikuwa mgeni na jua lilikuwa kali. Nikanywa. Hakurudi mlimani, na sikuthubutu kumwomba. Niliporudi nilifungua daftari nikafuta maneno "kwa hiari yake," nikaandika kilichotokea. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini aliyeyamwaga aseme ni yeye, asiseme ni mvua.

Sasa, mwanangu, nimekisoma tena kijitabu hicho wiki hii, kwa miwani ninayoihitaji kweli. Nimekisoma kama mtu anayekutana na rafiki wa zamani na kugundua hakuwahi kumuuliza habari za kwao. Aliyekiandika ni nani? Aliamini ukurasa upi zaidi, ule wa kuamuru au ule wa kuuliza? Alijua kwamba ipo nakala iliyofumba pale alipozungumza vizuri zaidi? Sipati majibu, ila nayapenda maswali. Naona watu wa miaka ile hawakukosa neno la demokrasia. Walilichapa, wakalikunja, wakalishona, na sisi tuliopewa kisu hatukukata. Na nyinyi wa leo mna masanduku ya kura, vyama vingi, na simu inayowapa maneno ya kila kiongozi kabla chai haijapoa. Ni jambo jema, sitalibeza. Ila nataka kujua, na wewe ujiulize: katika hayo mnayoyasambaza, mmekata kurasa ngapi?

Yule mwalimu aliponisikia mpaka mwisho aliweka simu mezani. Akaomba aazimwe kijitabu chote. Nikampa, na kisu kidogo juu yake, ingawa hakuna tena cha kukata.

Nasaha yangu ni hii, na nimeilipia. Usomapo maneno ya wakubwa, ya zamani au ya leo, tafuta kwanza pale yanapokuchoma wewe, maana pale yanapokusifu utafika tu bila kuelekezwa. Ukipewa uongozi, hata wa nyumba kumi, usiulize nani anakataa; uliza kila mmoja amefungwa na nini. Usimhesabu aliyenyamaza kuwa yuko nawe. Wakikubali wote kwa haraka, ogopa kidogo, ukae nao tena. Na ukikosea, usitume barua. Shuka Baray mwenyewe, kwa miguu yako. Elimu isikuzuie, mimi ninayo, tena nyingi, na jambo kubwa kuliko yote nililolijua nilifunguliwa na mzee aliyekuwa na kisu tu.

Basi sogea, na wewe uitikie, kwa sababu baraka ya mtu mmoja haina sauti. Mvua ya msitu ikushukie bila kukusomba. Shamba lako likulishe kabla halijaliwa na nyani. Ng'ombe wako wajue njia ya kurudi, na majirani zako wajue mlango wako. Ulimi wako uwe mwepesi kuuliza na mzito kuamuru. Penye watu wengi usikike, na penye mtu mmoja aliyenyamaza, usikie wewe. Waliotawanyika kwa sababu yetu, huko bondeni waliko, wapate kivuli na maji baridi. Na siku utakayofunga mkutano wako, mwanangu, asikosekane hata mmoja wa kuitikia.